Pafa Lililochoka: Historia ya Jaketi la Manyoya, Tone la Maji na Watu Wasiotajwa Majina

Mwezi wa saba ukiingia, Nairobi inavaa pafa. Arusha, Mbeya na Njombe nako ni hivyo hivyo: jaketi limevimba kama mto wa kitandani, mikono mfukoni, picha imepigwa, imepostiwa. Lile fupi lenye mabega meusi, ambalo kila mtu analitaka, lilitoka mwaka 1992 likapewa jina la Nuptse, mlima ulio jirani kabisa na Everest. Lilitengenezwa kwa ajili ya wapanda milima. Vijana wa hip hop wa New York wakaliona, wakalichukua, na kuanzia hapo likawa mali ya mtaa.

Ukienda kulitafuta kwenye mitumba, iwe Gikomba, Kariakoo au Memorial pale Moshi, watu wanaangalia vitu viwili tu, nembo na zipu. Nembo iwe ya kweli, zipu ifunge. Hakuna anayebeba kichupa cha maji. Na hicho kichupa ndicho kingesema ukweli. Dondosha tone moja begani kisha tazama. Likijikunja duara na kubingirika kama linavyofanya kwenye jani la magimbi, jaketi bado lina uhai. Likitanuka, likazama na kuacha doa jeusi, jaketi limechoka, hata kama linang'aa kama jipya.

Mjini jaketi lililochoka ni usumbufu mdogo tu. Unalowa kutoka kituoni hadi nyumbani, unalitundika, unasahau. Kwenye Mlima Kilimanjaro habari ni nyingine. Njia nyingi za kupanda zinaanzia msituni, na msitu wa upande wa kusini ndio wenye mvua kuliko sehemu nyingine zote za mlima. Mpagazi (wenyewe kwa wenyewe huitana wagumu) anaingia getini akiwa na mzigo wa hadi kilo 20, bado vitu vyake mwenyewe, na anaweza kunyeshewa tangu siku ya kwanza. Siku chache baadaye yuko kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya bahari, ambako usiku maji ya kwenye chupa yanaganda. Kilicholowa chini kinapanda naye hadi juu. Hakuna dobi njiani.

Na jaketi lake mara nyingi si jipya. Pale Moshi, tangu mwaka 2003, kuna mradi unaoitwa Kilimanjaro Porters Assistance Project unaowaazima wapagazi nguo na vifaa vya mlimani bila malipo, na sehemu kubwa ya vifaa hivyo imechangwa kutoka Marekani. Wengine hupewa jaketi na mgeni safari ikiisha, wengine hununua sokoni. Kwa vyovyote, ni jaketi ambalo limeshaishi maisha mengine kwenye mgongo wa mtu mwingine, likafuliwa kwa sabuni yoyote iliyokuwepo, likakunjwa na kusafirishwa. Manyoya bado yapo ndani. Kilichoondoka ni kitu kisichoonekana kwa macho.

Kitu hicho kina historia, na historia yake imejaa watu ambao jina la biashara limewafunika.

Kwanza manyoya yenyewe. Watu hudhani manyoya yana joto. Hayana. Joto ni lako, manyoya yanalifungia tu lisikimbie. Manyoya yanayotumika si yale marefu yenye mti katikati, ni yale malaika laini ya kifuani mwa bata au bata bukini, kila kimoja kikiwa na nyuzi nyingi zinazotoka katikati kwenda kila upande kama kijipamba. Nyuzi hizo zinashika hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi. Ile namba 700 au 800 inayotarizwa kwenye jaketi ina maana yake: wakia moja ya manyoya, kama gramu 28, ikiachwa itanuke inajaza inchi za ujazo 700. Hizo ni lita 11 na nusu hivi, zaidi ya nusu ya ndoo ya kisimani, kwa manyoya ambayo uzito wake haufiki hata sarafu chache mkononi.

Sasa lete maji. Nyuzi zinashikana, kijipamba kinakuwa kitonge, hewa inatoka na maji yanakaa mahali pake. Maji yanapitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa. Jaketi lililokuwa blanketi linageuka kuwa bomba la kulinyonya joto la mwili na kulitupa nje. Ndiyo maana wapanda milima wa zamani walikuwa na hofu na manyoya: yakiwa makavu hayana mpinzani, yakilowa ni hasara tupu.

Lakini bata mwenyewe mbona halowi? Anaogelea siku nzima, anatoka, anajikung'uta, basi. Siri ni kwamba malaika yake hayagusi maji kabisa. Juu yake kuna manyoya makubwa yaliyopangana kama vigae, vijinyuzi vyake vimeshikana kama zipu, na bata huyapaka mafuta anayochukua kwa mdomo kwenye tezi iliyo karibu na mkia. Binadamu alipomnyonyoa bata, alichukua malaika ya ndani na kuacha paa. Ikabidi atafute paa jingine.

Paa la kwanza lilikuwa la kuchekesha, na watu walicheka kweli. Mwaka 1922 Waingereza walikwenda Everest wakiwa wamevaa sufu na tweed, mavazi ya bwana anayekwenda kuwinda. Kati yao alikuwepo mwanakemia mmoja mzaliwa wa Australia, mfundishaji wa chuo London, mtu ambaye wakubwa wa msafara hawakumpenda sana. Huyu alikuja na koti aliloshonesha mwenyewe: kitambaa cha maputo ya kuruka angani kwa nje, manyoya ya bata wa baharini kwa ndani. Kitambaa cha maputo kilifumwa kwa kubana sana ili hewa isipite, kwa hiyo upepo haukupita. Wenzake wakamcheka. Walipofika kwenye baridi yenyewe kicheko kikakata, kikaja kijicho. Tarehe 27 Mei mwaka huo, yeye na mwenzake mmoja walifika zaidi ya mita 8,300 wakitumia oksijeni, mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kufika kabla yao. Zawadi yake ni kwamba mwaka 1924 hawakumchukua.

Msafara huo huo, tarehe 7 Juni, maporomoko ya theluji yaliwaua wapagazi 7. Vitabu vya historia ya mavazi ya mlimani vinamkumbuka mwenye koti. Wale 7 wanatajwa kwa idadi.

Koti la mwanakemia lilifaa kwa sababu kule juu hakunyeshi, kila kitu kimeganda. Tatizo la maji lilibaki palepale kwa watu wa chini. Aliyelisukuma mbele alikuwa mwenye duka la vifaa vya michezo Seattle, kona ya Marekani ambako mvua ni jirani. Mwaka 1935 alikwenda kuvua samaki wakati wa baridi akiwa na koti zito la sufu. Akapanda mlima na samaki mgongoni, jasho likalowesha koti kwa ndani, hali ya hewa ikalowesha kwa nje, koti likaganda. Akaanza kusinzia, na mtu akisinzia kwenye baridi ya namna ile kwa kawaida haamki. Rafiki yake ndiye aliyemwokoa. Aliporudi akashona jaketi la manyoya lenye mishono ya kuyagawa katika vyumba vidogo ili yasiporomoke yote chini, akaanza kuliuza mwaka 1936, na mwaka 1940 akapata hataza. Vita ya Pili ilipokuja, kiwanda chake kikawa kinashonea jeshi la Marekani jaketi za marubani na mabegi ya kulalia. Vita ilipoisha, jaketi zikaingia mtaani pamoja na vijana waliorudi. Pafa la leo ni mjukuu wa mtu aliyekaribia kufa kwa jasho lake mwenyewe.

Hapo mtu anaweza kuuliza, kwa nini wasipake mpira tu? Mpira ulikuwepo. Mskoti mmoja alipata hataza tangu mwaka 1823 ya kuyeyusha mpira na kuuweka katikati ya vitambaa viwili, na makoti ya mvua ya Waingereza yakachukua jina lake. Yalinuka vibaya, yalinata kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi. Mabaharia nao walikuwa na lami na mafuta. Hata neno turubai limetokana na neno la Kiingereza ambalo mwanzo wake ni lami. Lakini shida kubwa haikuwa harufu. Ukilifunika jaketi la manyoya kwa mpira, mvua haiingii na jasho halitoki. Usiku mzima mwili unatoa mvuke, mvuke unakutana na ukuta baridi, unageuka maji, na maji hayo yanakwenda moja kwa moja kwenye manyoya. Unalowa kutoka ndani, kama yule bwana wa Seattle.

Kwa hiyo kilichotakiwa si ukuta. Kilitakiwa kitambaa chenye matundu, kinachopitisha mvuke, lakini ambacho kila uzi wake unachukia maji. Na kitu hicho kilipatikana kwa ajali.

Ilikuwa mwaka 1953, mwaka ule ule ambao Everest ilipandwa hadi kileleni kwa mara ya kwanza (mmoja wa wale wawili, kwa njia, alianza kazi kwenye mlima huo mwaka 1935 kama mpagazi). Mbali na milima, katika maabara ya kampuni ya 3M huko Minnesota, mwanakemia mwanamke alikuwa anatafuta mpira usioharibika kwa mafuta ya ndege. Mwanamke kuwa mkemia wa kiwanda wakati ule haikuwa jambo dogo. Akiwa sekondari alipewa mtihani wa kumwonyesha kazi inayomfaa, toleo la wasichana, na majibu yakasema mama wa nyumbani. Akadai apewe toleo la wavulana. Majibu yakabadilika, yakaja mambo ya udaktari wa meno na kemia.

Siku moja msaidizi wa maabara alidondosha kidogo cha ile dawa kwenye raba zake za kitambaa. Wakajaribu kuisafisha kwa sabuni, kwa spiriti, kwa kila kitu, haikutoka. Ikaachwa. Wiki zikapita, raba zikachafuka kama raba zote, isipokuwa pale dawa ilipodondokea. Pale palibaki safi. Maji yalibingirika, mafuta yalibingirika. Mtu mwingine angenunua raba mpya yakaisha. Mama huyu na mwenzake wa kiume wakakaa na raba hizo miaka mitatu, na mwaka 1956 dawa ikaingia sokoni kwa jina la Scotchgard. Inasimuliwa kwamba ilipojaribiwa kwenye kiwanda cha vitambaa, ilimbidi asubiri nje, maana wanawake hawakuruhusiwa ndani. Dawa yake ndani, yeye nje.

Inavyofanya kazi ni rahisi kuipiga picha kichwani. Kila uzi wa kitambaa unaoteshwa vijinywele vidogo mno vya kaboni na florini, vimesimama wima kama brashi ya viatu. Maji yakija yanakuta ncha za brashi tu, hayana pa kushika, yanajikunja yenyewe na kuanguka. Vijinywele vikilala, au vikifunikwa na uchafu, jasho, moshi wa jiko au mabaki ya sabuni, maji yanapata daraja. Ndiyo maana jaketi linachoka kwanza mabegani pale mkanda wa begi unaposugua, shingoni penye mafuta ya ngozi, na viwiko. Halichoki lote kwa pamoja.

Kwa miaka 40 na zaidi dawa za ukoo huo zikawa kila mahali: jaketi, mabegi ya kulalia, mahema, mazulia, viti vya gari, karatasi za kufungia chipsi. Ila kile kilichozifanya ziwe bora ndicho kilichozigeuza balaa. Kamba ya kaboni na florini ni ngumu kukatika kuliko karibu zote katika kemia. Jua haliikati, bakteria hawaili, mwili hauijui. Ikitoka kwenye kitambaa haifi, inahama tu.

Waliotazama filamu ya Dark Waters ya mwaka 2019 wanaijua sehemu inayofuata, japo pale kisa ni cha sufuria zisizoshika chakula. Ni ukoo ule ule wa kemikali. Kampuni ya DuPont ilikuwa na kiwanda karibu na Parkersburg, West Virginia, kikitumia kemikali iitwayo PFOA iliyonunuliwa kutoka 3M. Mwaka 1981, 3M iliiambia DuPont kwamba panya waliolishwa kemikali hiyo walizaa watoto wenye kasoro. DuPont ikawachunguza watoto wa wafanyakazi wake waliokuwa wajawazito wakiwa kwenye kitengo hicho. Kati ya watoto 7, wawili walikuwa na kasoro za macho. Umma haukuambiwa.

Aliyefumua mambo hakuwa mwanasayansi. Alikuwa mfugaji ambaye ng'ombe wake walikuwa wanakufa mmoja baada ya mwingine baada ya kunywa maji ya kijito kilichopita karibu na jalala la kiwanda. Akarekodi video mwenyewe, akapasua mizoga mwenyewe, akapiga hodi kwa mawakili wa mji wake na hakuna aliyetaka kesi. Mwaka 1998 akampata mmoja kutoka Cincinnati, ambaye siku zote alikuwa akiyatetea makampuni ya kemikali. Kesi ya mfugaji ikazaa kesi ya wilaya nzima. Watu karibu 69,000 wakatoa damu ipimwe, na jopo la wanasayansi likaona uwezekano mkubwa wa uhusiano kati ya PFOA na magonjwa 6, yakiwemo saratani ya figo na ya korodani. Mwaka 2017 DuPont na kampuni iliyozaliwa nayo zilikubali kulipa dola milioni 671. Mfugaji alishakufa miaka mingi kabla.

Nao 3M, mwezi Mei 2000, walitangaza kuachana na kemikali ambayo Scotchgard ilijengwa juu yake, ile ya PFOS. Mwaka 2009 ikaingia kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, na PFOA ikafuata mwaka 2019. Viwanda vikahamia kwenye vijinywele vifupi zaidi vya florini, vikisema hivi ni salama. Kisha mwaka 2015 Greenpeace wakapeleka watu kwenye milima ya mbali, katika mabara matatu, kuchota theluji na maji ya maziwa ambako hakuna kiwanda hata kimoja jirani. Kemikali za ukoo huo zilikuwepo huko, vijinywele vifupi vikiwemo. Kwa wapanda milima hiyo ilikuwa aibu ya pekee, kwa sababu jaketi zinazouzwa kwa picha za theluji safi zimepakwa kitu kinachoishia kwenye theluji hiyo hiyo. California na New York zimepiga marufuku nguo zenye kemikali hizi tangu mwaka 2025, huku mavazi maalumu ya mvua kali yakiongezewa muda, na Ufaransa imefuata mwaka 2026.

Marufuku hayo yanahusu jaketi jipya dukani. Yale ya zamani hayakuyeyuka. Yapo kabatini, na yakitoka kabatini yanaingia kwenye belo. Mtu anayefua pafa la mwaka 2008 kwenye karai nyuma ya nyumba, maji yakaenda kwenye mgomba, hana habari kwamba kuna mkutano wa Stockholm. Si kosa lake. Hakuna lebo inayomwambia.

Basi swali linarudi palepale: jaketi limechoka, mlima upo, mvua ipo, unafanyaje?

Jibu zuri halikutoka kwenye maabara kubwa. Lilitoka kwenye jiko la gesi. Kijana mmoja Mwingereza, mpenda kutembea milimani, alichoka viatu vyake kulowa, akapika nta yake mwenyewe kwenye nyumba aliyokuwa akiishi London, na mwaka 1977 akaanza kuiuza kwa jina la Nikwax. Baadaye akaingia kwenye nguo na manyoya. Wazo lake lilikuwa la kizamani, karibu sawa na la bata: usinunue jingine, lipake tena. Kampuni inasema haijawahi kutumia kemikali za florini. Zipo nyingine pia, kama Grangers, pia ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1937. Dawa zisizo na florini hutumia nta, silikoni au plastiki laini. Udhaifu wake ni mmoja na ni wa kweli: zinakataa maji lakini hazikatai mafuta. Jasho, losheni na moshi vinazishinda haraka, kwa hiyo jaketi linataka kufuliwa mara nyingi kuliko zamani. Watu wengi hufanya kinyume, wanaogopa kulifua wakidhani wanalitunza.

Maana hatua ya kwanza si dawa, ni kufua, na mara nyingine kufua peke yake kunatosha. Kama vijinywele bado vipo lakini vimefunikwa na uchafu, jaketi likisafishwa na kukaushwa kwa joto la wastani linaanza kutema maji tena bila hata tone la dawa. Tatizo ni sabuni. Sabuni ya unga ya kawaida imetengenezwa ili maji yashike kitambaa, na mabaki yake yanabaki kwenye nyuzi yakiendelea na kazi hiyo hiyo. Pia inayakausha manyoya mafuta yake machache ya asili hadi yanakuwa makavu na kuvunjikavunjika. Dawa ya kulainisha nguo ni mbaya zaidi, inaacha utando unaokaribisha maji. Jiki isisogezwe hata karibu. Inatakiwa sabuni maalumu ya manyoya, na asiyeipata atumie sabuni ya kipande isiyo kali, kidogo sana, kisha asuuze mpaka povu liishe, halafu asuuze tena. Kusuuza ndiko kazi yenyewe.

Mashine iwe ya mlango wa mbele. Zile zenye mti katikati zinazokota na kuchana. Kwa mikono, beseni kubwa na maji ya uvuguvugu, na kubonyeza, si kusugua. Begi la kulalia ndilo linalohitaji adabu. Likiwa limelowa lina uzito wa kutisha, na kuta nyembamba za ndani zinazotenganisha vyumba vya manyoya hazikushonwa kubeba uzito huo. Ukilinyanyua kwa ncha moja unasikia zinachanika, na manyoya yote yanahamia miguuni. Begi hilo halirudi tena. Linakamuliwa kwa kukandamizwa ndani ya beseni, kisha linabebwa kwa mikono miwili kwa chini, kama mtoto aliyelala.

Dawa inawekwa likiwa safi na bado bichi. Ipo ya kumimina kwenye maji na ipo ya kupuliza. Kwa jaketi ya kumimina inafaa, inafika hadi kwenye manyoya. Kwa begi la kulalia wengi hupendelea kupuliza nje tu, ili kitambaa cha ndani kinachogusa ngozi kibaki kinapokea jasho. Mabega, kofia na sehemu ya miguuni vinapewa mara mbili. Tangu miaka ya 2012 hivi kuna jaketi ambazo manyoya yenyewe yamepakwa dawa kiwandani kabla ya kujazwa, na hizo zinavumilia unyevu zaidi, lakini nazo hazipendi sabuni ya unga.

Kisha kukausha, na hapa ndipo watu wanapoharibu. Mashine ya kukaushia inawekwa joto dogo, ndani zinatupwa mipira mitatu minne ya tenisi iyapige manyoya yasigandane, na kazi inachukua saa nyingi, kwa begi la kulalia hata nusu siku. Moshi au Arusha wengi hawana mashine hiyo. Wana jua, na upepo. Jaketi linalazwa bapa juu ya kitambaa au wavu, halitundikwi, maana likitundikwa manyoya yaliyolowa yanashuka yote chini. Kila baada ya muda mtu analigeuza na kuvitafuta vitonge kwa vidole, anavifikicha taratibu mpaka vinafunguka. Jua kali la mchana kutwa linachosha nailoni, kwa hiyo likishapata joto linasogezwa kivulini penye hewa. Siku mbili, wakati mwingine tatu. Msimu wa masika, kwa ukweli, ni afadhali kusubiri. Nje litaonekana kavu siku ya kwanza, lakini unyevu uliobaki katikati unazaa ukungu, na harufu yake haitoki kwa dawa yoyote.

Kipimo ni kidole na kichupa. Kidole kinapita kila chumba kutafuta kitonge. Kikikuta hata kimoja, jaketi linarudi juani. Kichupa kinadondosha tone begani, pale palipozama mara ya kwanza. Likibingirika, jaketi linahifadhiwa likiwa limelegea kwenye mfuko mpana, si kubanwa kwenye kile kimfuko chake kidogo ambacho ni cha safarini tu. Likizama, maji mengine yanawekwa jikoni yapate uvuguvugu.